Kilomita 5,000 Zisizo na Ndege: Kwa Nini Kalkuleta na Tiketi Hazikubaliani

Andika majina ya viwanja viwili vya ndege kwenye kalkuleta ya umbali ya intaneti, hata viwe vya pembezoni namna gani, na jibu litakuja papo hapo: kilomita kadhaa, saa kadhaa, na mstari uliopinda juu ya ramani. Sasa nenda katafute tiketi ya safari hiyohiyo. Saa zimezidi mara tatu, ndege ya moja kwa moja hakuna, na njia inapita miji ambayo haimo kabisa kwenye ule mstari. Hapo ndipo ubishi huanza mitandaoni. Mmoja anasema kalkuleta ni za uongo, mwingine anasema mashirika ya ndege yanazungusha watu makusudi ili yavune nauli, wa tatu analeta habari za dunia kuzunguka.

Kalkuleta haidanganyi, na tiketi nayo haidanganyi. Kila moja inajibu swali lake, na maswali yenyewe hayafanani.

Tuchukue jozi moja tuende nayo hadi mwisho: Tromsø, mji wa kaskazini ya mbali ya Norwei, na Fairbanks, mji wa katikati ya jimbo la Alaska nchini Marekani. Vyote ni viwanja vya mikoani, kila kimoja kiko mbali na mji mkuu wa nchi yake, na kati yao kuna sehemu kubwa ya Aktiki, yaani eneo la barafu linalozunguka Ncha ya Kaskazini. Kalkuleta itakuambia umbali ni kama kilomita 5,020 na ndege ingetumia saa 6 na dakika 45 hivi. Ukweli wa abiria ni kwamba kutoka Tromsø hadi Fairbanks inaweza kukuchukua siku nzima, mchana na usiku wake.

Kabla ya kwenda mbali, tuweke maneno sawa, maana nusu ya ubishi huu unatokana na watu wawili kutumia neno moja kwa vitu viwili. Umbali wa angani ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili. Ni hesabu ya jiometri na haijui lolote kuhusu ndege, upepo wala mipaka. Umbali uliorukwa ni kilomita ambazo ndege imepita kweli, pamoja na kona zake zote. Muda wa angani huanza magurudumu yanapoachana na lami na kuisha yanapoigusa tena. Muda wa ratiba, ule ulioandikwa kwenye tiketi, huanza ndege inapoondoka mlangoni kwake na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Mwisho kuna muda wa safari, ambao unabeba kila kitu, hata saa ulizokaa kwenye kiti cha chuma ukisubiri ndege inayofuata. Kalkuleta inakupa umbali wa angani na makadirio ya muda wa angani. Tiketi inakupa muda wa ratiba na muda wa safari. Umbali uliorukwa hakuna anayekupa, labda uifuatilie ndege mwenyewe kwenye programu za simu.

Mstari uliopinda ndio ulionyooka

Tuanze na mstari wa ramani, kwa sababu ndio unaowakera wengi. Ukifungua ramani ya ukutani, Tromsø iko juu kulia na Fairbanks iko juu kushoto. Macho yanakuambia njia fupi ni kwenda magharibi moja kwa moja: ukate bahari, upite Greenland, upite kaskazini ya Kanada, ufike Alaska. Ukipima njia hiyo juu ya dunia yenyewe utapata takriban kilomita 7,200. Ile ya kalkuleta, iliyoonekana kama imepinda kwa ujinga, ina 5,020. Zaidi ya kilomita 2,000 zimetoweka.

Hazikwenda popote. Ramani ndiyo iliyokosea. Dunia ni tufe, na ukilitandaza tufe juu ya karatasi lazima kitu kivutwe. Ramani nyingi tulizozizoea, za shuleni na hata za simu, zinatokana na mtindo wa Mercator wa mwaka 1569. Mtindo huo ulitengenezwa kwa ajili ya mabaharia wa kufuata dira, na gharama yake ni kuvuta kila kitu kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia. Ndiyo maana Greenland inaonekana kulingana na Afrika, wakati Afrika ina ukubwa wa kama Greenland 14. Nchi zilizo karibu na ikweta hazivutwi sana, ndiyo maana mtu anayezoea safari za ukanda huo anaweza kuishi miaka asigundue tatizo.

Dawa ni kutafuta tufe la kuchezea au la darasani. Bana ncha moja ya uzi pale Tromsø, vuta hadi Fairbanks, ukaze. Uzi hautakwenda magharibi. Utapanda juu kabisa, upite kama kilomita 300 tu kutoka Ncha ya Kaskazini, kisha ushuke upande wa pili. Huo ndio mstari ulionyooka wa kweli. Ukiurudisha kwenye ramani ya ukutani unapinda, kama ule uliokuwa kwenye kalkuleta.

Wazo hili si la juzi. Shirika la SAS la nchi za Skandinavia lilifungua njia ya abiria kutoka Copenhagen kwenda Tokyo kwa kupitia Anchorage, Alaska, Februari 1957. Mtu asiyelijua tufe angeshangaa mtu anakwendaje Japani kwa kupitia Marekani. Aliye na uzi mkononi hashangai, ingawa tutaona baadaye kwamba jiometri haikuwa sababu pekee.

Watu wengine hudhani ndege ikipanda juu sana umbali unaongezeka mno, kwa kuwa duara la juu ni kubwa kuliko la chini. Unaongezeka, lakini kiduchu. Ndege za jeti husafiri kwenye urefu wa kilomita 10 hadi 12, na dunia ina nusu kipenyo cha kama kilomita 6,371. Kwa safari ya kilomita 5,020, kupanda huko kunaongeza kilomita zisizozidi 10. Ndege hupoteza zaidi ya hizo kwa kuzunguka tu kabla ya kutua.

Na kama tovuti mbili zimekupa namba mbili tofauti kidogo, usizirushie mawe. Dunia si mviringo kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha na kutuna kwenye ikweta. Kuna kalkuleta zinazoichukulia kama mpira na nyingine zinazozingatia ule ubonyeo, na tofauti kwa kawaida haifiki nusu asilimia. Nyingine hupima katikati ya mji badala ya uwanjani, na hapo kwa viwanja vya mikoani kosa linaweza kuwa kubwa. Uwanja wa Frankfurt-Hahn, kwa mfano, uko kama kilomita 120 kutoka mji ambao umebeba jina lake.

Maili ipi?

Hili linapita haraka lakini linaumiza. Kwenye habari za ndege kuna maili mbili. Maili ya nchi kavu, inayotumika barabarani Marekani na Uingereza, ni kilomita 1.609. Maili ya baharini, ambayo ndiyo ya marubani, ni kilomita 1.852 kamili, na asili yake ni dakika moja ya latitudo, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Tromsø hadi Fairbanks ni kama maili 3,120 za nchi kavu, au kama maili 2,710 za baharini. Ukiiona hiyo 2,710 na kuizidisha kwa 1.609 bila kuuliza ni maili gani, utapata karibu kilomita 4,360, na umeshaipunguza safari kwa zaidi ya kilomita 600.

Kingine cha kuangalia ni herufi tatu za uwanja, yaani msimbo wake kwenye tiketi. Majina ya miji yanarudiwa duniani: kuna San José ya Costa Rica (SJO) na San José ya California (SJC), kuna Portland mbili upande huu na upande ule wa Marekani. Wameshatokea abiria waliotaka kwenda Sydney ya Australia (SYD) wakatua Sydney ya Nova Scotia, Kanada (YQY), kiwanja kidogo cha kaskazini chenye baridi yake. Jina la mji halikuwasaidia. Herufi tatu zingewasaidia.

Kasi ya kalkuleta na kasi ya ndege

Sasa muda. Kalkuleta nyingi hufanya kitu kimoja rahisi: hugawa umbali kwa kasi ya kama kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa jeti inayokwenda mbali si makadirio mabaya. Jeti za abiria husafiri kati ya kilomita 830 na 910 kwa saa zikishafika juu, na ile nusu saa inafidia mwendo wa polepole wa mwanzo na mwisho. Mwendo huo ni wa polepole kweli: chini ya urefu wa takriban mita 3,000, sheria katika nchi nyingi huzuia ndege zisizidi kama kilomita 460 kwa saa.

Ndiyo maana safari fupi huwa na wastani wa kasi unaosikitisha. Tromsø hadi Oslo ni kama kilomita 1,120, na ratiba huipa karibu saa mbili. Hiyo ni chini ya kilomita 600 kwa saa, kwa ndege ileile inayoweza 830. Mfano wa kupindukia uko visiwa vya Orkney, Uskoti. Kati ya viwanja vya Westray na Papa Westray kuna kilomita 2.7 tu, na ndege ya abiria ya ratiba hukata umbali huo kwa dakika moja na nusu hivi. Upepo ukikubali, imewahi kutua ndani ya dakika moja. Kalkuleta ingekupa zaidi ya nusu saa.

Halafu kuna aina ya ndege, jambo ambalo kwa viwanja vya mikoani ndilo lenye uzito kuliko yote na ndilo kalkuleta haigusi kabisa. Viwanja vingi vya mikoani vinahudumiwa na ndege za pangaboi, si jeti, kwa sababu zinatumia mafuta kidogo na hazidai njia ndefu ya kurukia. ATR 72 husafiri kwa kama kilomita 500 kwa saa. Dash 8-400 hufika kama 650. Chukua viwanja viwili vilivyoachana kwa kilomita 1,200. Kalkuleta itasema saa 2. Ukiwa ndani ya ATR, hesabu ileile kwa kasi ya 500 inakupa saa 2 na dakika 54. Rubani hakuzembea hata kidogo.

Kwenye tiketi muda unarefuka tena, kwa kuwa saa ya ratiba inaanza magurudumu yanapoondolewa vizuizi, ndege ikiwa bado imeegeshwa. Kwenye uwanja mdogo, kutoka hapo hadi kupaa ni dakika chache. Kwenye uwanja mkubwa wenye foleni unaweza kutembezwa juu ya lami dakika 20 au zaidi. Juu ya hapo mashirika huongeza akiba ya dakika kadhaa, ili ndege ikichelewa kidogo bado ihesabike imefika kwa wakati. Ukisikia tangazo la furaha kwamba mmefika robo saa kabla, ujue mara nyingi hiyo robo saa ilishawekwa kwenye ratiba miezi kadhaa iliyopita.

Kwenda si sawa na kurudi

Hapa ndipo hoja ya dunia kuzunguka huingia, na inastahili kujibiwa kwa utulivu kwa sababu imejaa pande zote. Inasemwa hivi: dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ukiruka kuelekea magharibi uwanja unakujia, na ukiruka mashariki unakukimbia. Ingekuwa hivyo, safari za magharibi zingekuwa fupi. Kumbe ni kinyume. New York na London zimeachana kwa kama kilomita 5,540. Kwenda London, yaani mashariki, huwa ni saa 6 na nusu hadi 7. Kurudi New York ni saa 7 na nusu hadi 8.

Hoja yenyewe inavunjika ukiiangalia kwa karibu. Kwenye ikweta, uso wa dunia unakwenda kwa kama kilomita 1,670 kwa saa. Kama hewa isingekuwa inazunguka pamoja na dunia, mtu akiruka juu kwa sekunde moja angetua zaidi ya mita 400 kutoka alipokuwa. Haitokei, kwa sababu yeye, hewa inayomzunguka na ndege iliyo uwanjani vyote vimeshabeba mwendo huo tangu mwanzo.

Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo. Kwenye anga za juu za maeneo yaliyo mbali na ikweta, kaskazini na kusini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenye urefu uleule ambao jeti hupenda kusafiri. Inaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa, na majira ya baridi hupita hapo. Inatokana na tofauti ya joto kati ya maeneo ya ncha na ya joto, na mzunguko wa dunia ndio unaoipindisha ielekee mashariki. Kwa hiyo mzunguko una mkono wake, ila unaupitishia kwenye upepo.

Mtu anayepiga kasia mtoni anaijua hesabu hii. Nguvu ya mkono ni ileile, lakini ukielekea mto unakoshukia unaona kingo zinapita haraka, na ukigeuka unaona zinakugandia. Ndege nayo ina kasi mbili: ile ya kupita hewani, ambayo injini ndiyo inayoiamua, na ile ya kupita ardhini, ambayo ndiyo inayokufikisha. Februari 2020, ndege ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London chini ya saa 5, ikisukumwa na upepo wa dhoruba. Kasi yake ya ardhini ilipita kilomita 1,300 kwa saa, na wengi wakaandika kwamba imevuka kasi ya sauti. Haikuvuka. Kwa hewa iliyokuwa ikiizunguka, ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kila siku.

Jambo ambalo huwashangaza hata wenye kupenda hesabu ni kwamba upepo hauirudishi hasara yake. Tuseme safari ni kilomita 5,000, ndege ina kasi ya 800, upepo ni 100. Ukienda nao unatumia saa 5 na dakika 33. Ukirudi dhidi yake, saa 7 na dakika 9. Jumla ni saa 12 na dakika 42. Bila upepo kabisa ingekuwa saa 12 na nusu kamili. Dakika 12 zimepotea, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi kwenye upepo mbaya kuliko kwenye mzuri. Upepo ukiwa 200, hasara inafika dakika 50. Ndiyo maana wapangaji wa njia za ndege hawafuati uzi wa tufe kikamilifu. Ikilazimu, hurefusha njia kwa mamia ya kilomita ili kuukwepa mkondo au kuupanda, na ndege iliyoruka kilomita nyingi zaidi inafika mapema.

Kwa nini hakuna anayeruka Tromsø hadi Fairbanks

Sababu ya kwanza haina siri yoyote: abiria hawatoshi. Ndege ya kuruka kilomita 5,020 ipo tele. Hata jeti zenye ujia mmoja tu kati ya viti, zile za kawaida kabisa, baadhi zinafika mbali kuliko hapo. Lakini idadi ya watu wanaotaka kutoka Tromsø kwenda Fairbanks siku moja, saa moja, haijazi safu chache za viti. Mashirika hukusanya abiria wa mikoa mbalimbali kwenye uwanja mmoja mkubwa, huwavusha pamoja, kisha huwasambaza. Wanaosema wanazungushwa hawajakosea kuhusu njia. Wamekosea kuhusu sababu.

Angalia mzunguko wenyewe. Njia moja inayowezekana ni Tromsø hadi Oslo, Oslo hadi Frankfurt, Frankfurt hadi Seattle, Seattle hadi Fairbanks. Vipande hivyo ni kama kilomita 1,120, 1,140, 8,200 na 2,460. Jumla yake ni takriban kilomita 12,900, zaidi ya mara mbili na nusu ya ule umbali wa kalkuleta. Kwanza unashuka kusini hadi Ujerumani, kinyume kabisa na unakokwenda, halafu unavuka Greenland na Kanada hadi Seattle, ndipo unapanda tena kaskazini. Saa za ndani ya ndege zinakaribia 18. Ongeza kusubiri mara tatu, na mara nyingine foleni ya uhamiaji pale unapoingia Marekani, na siku imekwisha.

Hata ndege ya moja kwa moja ingekuwepo, bado isingefuata uzi bila masharti. Karibu na ncha, ndege ya injini mbili haiwezi kwenda popote inapotaka: sheria hudai kuwe na uwanja wa kukimbilia ndani ya muda fulani ikiwa injini moja itazimika. Muda huo ulikuwa dakika 60 kwa miaka mingi. Mwaka 1985 ndipo ndege za injini mbili zilipoanza kuruhusiwa dakika 120, baadaye 180 na zaidi kwa zenye kibali. Kuna pia baridi. Mafuta ya ndege huanza kuganda kati ya nyuzi 40 na 47 chini ya sifuri kutegemea aina, na anga ya Aktiki inaweza kuwa na baridi kuliko hiyo. Rubani akiona mafuta yamepoa mno hushuka chini au huongeza kasi.

Kisha kuna siasa. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unatambua kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Inaweza kuruhusu, kutoza ada au kufunga. Ile njia ya SAS ya mwaka 1957 kupitia Anchorage ilipendwa pia kwa sababu anga ya Umoja wa Kisovieti ilikuwa imefungwa. Historia imejirudia. Helsinki na Tokyo zimeachana kwa karibu kilomita 7,800, na kwa miaka mingi safari ilikuwa ya saa 9 na nusu hivi, juu ya Urusi. Urusi ilipofunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari hiyohiyo ikawa ya saa 13 hivi, ama kwa kupitia Ncha ya Kaskazini ama kwa kuzunguka kusini. Kalkuleta haikubadilisha hata tarakimu moja.

Kutoa saa kwenye tiketi

Tiketi huandika saa za mahali husika: ya kuondoka kwa saa za Tromsø, ya kufika kwa saa za Fairbanks. Kati ya miji hiyo kuna tofauti ya saa 10 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tuseme umeondoka saa kumi na mbili asubuhi na safari ikachukua saa 24 kamili. Tromsø itakuwa saa kumi na mbili asubuhi ya kesho, lakini Fairbanks bado ni saa mbili usiku ya leo. Tiketi itasoma 06:00 na 20:00, tarehe ileile. Ukitoa kichwakichwa unapata saa 14, na utamwambia nduguyo kwamba ni safari ya saa 14. Kurudi, kwa urefu uleule wa saa 24, tiketi itasoma 06:00 na 16:00 ya siku inayofuata, na hesabu yako itatoa saa 34. Hakuna iliyo sahihi kati ya hizo mbili. Badili kwanza saa zote ziwe za mahali pamoja, ndipo utoe. Au tafuta pale tiketi ilipoandika muda wote wa safari, maana nyingi siku hizi huuandika.

Kilele cha mkanganyiko huu kiko bahari ya Pasifiki, kati ya Samoa na Samoa ya Marekani. Ndege ndogo hukata umbali huo chini ya saa moja. Lakini mstari wa tarehe, yaani mstari wa kufikirika ambao ukiuvuka tarehe inabadilika, unapita katikati, na Samoa ilijihamishia upande wa pili wa mstari huo kwa kuiruka kabisa tarehe 30 Desemba 2011. Sasa ukiondoka Apia Jumatatu asubuhi unatua Pago Pago Jumapili asubuhi, na ukirudi unaipoteza siku nzima kwa safari ambayo haitoshi hata kulala.

Kukadiria mwenyewe

Kwa anayetaka kujipigia hesabu bila kutegemea tovuti, anza na njia halisi ya tiketi, si na viwanja viwili vya mwisho. Chukua kila kipande peke yake. Kama ni jeti, gawa kilomita kwa 800 na uongeze nusu saa. Kama ni pangaboi, gawa kwa 500 na uongeze nusu saa hiyohiyo. Kwa kipande kirefu cha mashariki na magharibi kilicho mbali na ikweta, ongeza nusu saa ukielekea magharibi na upunguze nusu saa ukielekea mashariki. Kwa kipande cha kaskazini na kusini acha kama kilivyo. Kisha jumlisha masaa ya kusubiri kama yalivyo kwenye tiketi, bila kuyaonea haya, kwa sababu kwenye safari za viwanja vya mikoani hayo yanaweza kuwa robo ya safari yote.

Wala usitegemee rubani afidie ucheleweshaji wa chini kwa kukanyaga mafuta juu. Jeti husafiri karibu na kikomo cha kasi yake tayari. Akiiongeza kwa asilimia 2 au 3, kwenye safari ya saa mbili ataokoa dakika 3 hivi, na mafuta yatakayoungua kwa ajili ya dakika hizo ni mengi kuliko faida. Ndege iliyoondoka ikiwa imechelewa saa moja na kufika ikiwa imechelewa dakika 40 tu, nyingi ya zile dakika 20 zilitoka kwenye akiba ya ratiba, au kwenye njia ya mkato ambayo waongozaji wa ndege waliiruhusu kwa kuwa anga ilikuwa wazi. Ukiwa na ndege ya kuunganisha, hesabu dakika zako za kubadilisha kwa kuchukulia kwamba ucheleweshaji wa mwanzo utabaki vilevile.